Nam Gi-cheol na Waliozaliwa Tarehe Thelathini ya Mwezi wa Pili

Bwana Nam Gi-cheol, mkuu wa chumba cha kompyuta katika Hospitali ya Wachimba Makaa ya Heukgok, anastaafu tarehe 31 Desemba mwaka huu, baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na moja. Alikuja kijana mwenye nywele, anaondoka kama mnavyomwona. Wanaotaka kulia wangoje sherehe iishe, wasilie juu ya chakula.

Jarida la hospitali limeagiza wasifu uwe mchangamfu. Haya, nitachangamka pale panapochangamsha. Lakini lipo jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna aliyewahi kuliandika. Ukiliruka hilo, hujaandika wasifu wa Nam Gi-cheol, umeandika wa mtu mwingine.

Ni mtoto wa Seoul. Alifika bonde hili wakati migodi inafungwa, watu wanaondoka na magodoro juu ya malori, yeye peke yake anaingia na maboksi ya kompyuta. Mlinzi wa getini alimuuliza kama amepotea njia. Majira ya baridi ya kwanza alivaa viatu vya ngozi vya mjini, akateleza mbele ya chumba cha maiti na kushuka mteremko mzima kwa makalio. Wagonjwa wa wodi ya juu walimwona dirishani wakacheka mpaka wauguzi wakawakimbilia, maana mtu mwenye vumbi la makaa mapafuni hacheki bure.

Kabla yake, mafaili ya wagonjwa yalikaa ghalani na panya. Mtu alikuja anahema, akaketi kwenye ukumbi kungoja faili lake, na wengine walifia pale pale kwenye benchi huku faili linatafutwa. Gi-cheol aliwaingiza wote kwenye hifadhidata: wachimbaji, na wanawake waliokuwa wakichambua makaa kwa mikono, ambao serikali ilisahau kwamba wao pia wana mapafu. Dawa ya mtu, picha ya kifua chake, mtungi wa oksijeni wa nyumbani kwake, vyote vikawa vinaonekana kwa dakika. Hiyo ni kazi kubwa, na asitokee mtu kuisema vingine.

Kwa tabia alikuwa mgumu. Ukigusa waya wake anakufokea kama umegusa mtoto mchanga. Alikula amesimama, na alitenga maharage kwenye wali kama mtoto wa chekechea, bwana mzima na shahada zake.

Sasa jambo lenyewe. Miaka tisa iliyopita, seva yetu ilikuwa imezeeka. Programu iliyotunza hifadhidata ilikuwa ya toleo ambalo waliolitengeneza walishaacha kulikarabati, na wezi wa mtandaoni wanazipenda nyumba za namna hiyo. Ikaamuliwa kila kitu kihamishiwe seva mpya yenye toleo jipya, katika sikukuu ya mwaka mpya wa mwandamo wa mwezi, wakati kliniki zimefungwa.

Huku kwetu mtambo mpya hauwashwi hivi hivi. Tuliweka meza ya tambiko mbele ya seva, keki ya mchele na maharage mekundu, pombe ya mchele, na kichwa cha nguruwe kutoka jikoni kwangu. Mkurugenzi Maeng alikikagua.

"Bibi, mbona nguruwe wako amenuna? Si hutafutwa anayetabasamu?"

"Wewe ungekatwa kichwa ungetabasamu?" nikamjibu.

Watu walicheka, Mkurugenzi akainama mbele ya kichwa kilichonuna, Gi-cheol naye akainama, kisha akafunga mlango na kuanza kazi. Baadaye kuna waliosema kosa lilianzia kwenye kile kichwa. Wapumbavu wakubwa. Kichwa nilikichemsha vizuri na kililiwa chote.

Kosa lilikuwa hivi. Wazee wetu siku ya kuzaliwa wanaijua kwa mwandamo wa mwezi, ndivyo mama zao walivyowaambia, na jikoni tunawapikia supu ya mwani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hospitali iliandika tarehe kama walivyoitaja. Mwezi wa mwandamo una siku ishirini na tisa au thelathini, hata huo wa pili. Aliyezaliwa tarehe thelathini ya mwezi wa pili aliandikwa hivyo. Toleo la zamani lilipokea, kwa sababu lilipokea chochote. Toleo jipya lina kalenda ya ofisi kichwani, na kwenye kalenda hiyo Februari haina tarehe thelathini. Likawakataa watu hao, likawaacha nje, likaendelea na wengine.

Na lilisema. Hilo ndilo Gi-cheol mwenyewe amelirudia kila alipoulizwa: mtambo haukuficha, uliandika maonyo kwenye kioo. Aliyasoma. Akaona Februari thelathini, akadhani ni makosa ya wachapaji, takataka za kumbukumbu za zamani kama zile alizokuwa akifagia wiki nzima. Mtoto wa Seoul, mama yake alimfanyia siku ya kuzaliwa kwa kalenda ya ukutani. Akaziacha, akatutangazia: "Imekamilika." Tukapiga makofi, tukala keki.

Kila asubuhi kompyuta humpa dereva wa mitungi ya oksijeni majina ya nyumba za kupita. Sikukuu ilipokwisha, Bang, dereva wetu, alipita kijiji cha juu cha Witgol, akashusha mtungi kwa jirani wa mzee Pyo Deok-su, akageuza gari. Kwa mzee Pyo hakushusha, kwa kuwa jina la mzee halikuwamo kwenye orodha. Alidhani mzee amelazwa.

Mkewe, Ryu Chun-ok, aliona gari likigeuza. Akapiga simu mapokezi, akaambiwa mtu huyo hayupo. Akapiga tena kesho yake. Gi-cheol alikuwa pale mapokezi, mkono ndani ya printa iliyokwama, akamsikia karani anacheka kwenye simu.

"Bibi, nimeshakwambia, hayumo. Nipe tarehe yake ya kuzaliwa basi... Mwezi wa pili, tarehe ngapi? Thelathini? Bibi yangu, tarehe hiyo haipo duniani! Mzee amezaliwa mbinguni nini? Lete kitambulisho tukuangalizie."

Karani alipokata simu, Gi-cheol alikuwa amesimama kama aliyepigwa na umeme.

"Umesema tarehe gani?"

"Thelathini, mkuu. Mwezi wa pili. Wazee hawa bwana..."

Hakungoja amalize. Hakuna aliyemweleza, alielewa mwenyewe, pale pale, kwamba zile takataka zilikuwa watu. Alichukua mtungi wodini bila kumuomba mtu ruhusa, akamvuta Bang kutoka kwenye chai yake. Bang anasema njia nzima hakutamka neno isipokuwa "ongeza mwendo", na theluji ilikuwa nzito. Gari likagoma chini ya kilima. Gi-cheol akaufunga mtungi mgongoni kwa kamba ya kuvutia gari, akapanda nao.

Mama Chun-ok alikuwa mlangoni.

"Mmekuja kumtafuta kwenye kompyuta," akauliza, "au kitandani?"

Mzee alikuwa amekaa wima, midomo myeusi. Mkewe tangu gari lilipogeuza alikuwa akiipunguza hewa ya mtungi wa mwisho, kidogo leo ili ibaki ya kesho, kama tulivyopunguza mchele zamani. Ambulensi aliogopa kuita. Karani alishamwambia mumewe hayumo, akadhani atafukuzwa mlangoni. Mwanamke aliyemuuguza mume kwa nusu ya maisha yake, aliogopa kufukuzwa! Mnaosoma hili mkiwa mapokezi, lisomeni tena.

Tulimleta. Hewa ilirudi, akili haikurudi yote. Alifariki kabla wiki haijaisha.

Kukawa na kikao. Mimi ndiye niliyeingiza chai, kwa hiyo nilisikia. Mkurugenzi Maeng hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga.

"Tuandike hitilafu ya mtambo," alisema. "Daktari mwenyewe anasema mapafu yale yalishakwisha. Angemaliza majira ya baridi kweli?"

"Mtambo ulinieleza," Gi-cheol akasema. "Mimi ndiye sikusikiliza."

"Nam, unajitia kitanzi mwenyewe. Una watoto."

"Andika jina langu."

Likaandikwa. Alihojiwa na polisi mjini, alishushwa cheo, alifanya kazi chini ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, na hakununa; cheo alirudishiwa miaka baadaye. Alitaka kuacha kazi kabisa, barua alikuwa nayo mfukoni. Kwa nini hakuacha, nitasema.

Msiba ulikuwa kwenye ukumbi wetu wa hospitali, na mimi nilikuwa kwenye sufuria ya supu ya nyama. Gi-cheol alikuja na suti nyeusi. Mtoto wa marehemu alimkamata kola akamtoa nje mbele ya watu wote. Hakwenda. Alibaki pale mlangoni watu wanapovulia viatu, akawa anapanga viatu vya waombolezaji, ncha zikitazama mlango, kama mfungwa aliyepewa adhabu. Nilipita na trei nikamwambia, "Ama ingia ama toka, hapo unaziba njia." Akasogea kando, akaendelea kupanga.

Siku ya kumtoa marehemu, Mama Chun-ok mwenyewe alitoka akasimama mbele yake.

"Wewe mtu wa kompyuta. Kama mzee wangu, walipotea wengine?"

"Ndiyo, mama. Waliozaliwa tarehe hiyo wote."

"Umewapata?"

"Wote. Isipokuwa mmoja."

"Nani?"

"Bibi Eom Gye-sun, aliyekuwa mchambuzi wa makaa. Amehama, simu haipokelewi."

"Na dawa zake?"

Gi-cheol akanyoosha jozi nyingine ya viatu.

"Kwa hiyo kuna mtu yuko mahali anakauka," Mama Chun-ok akasema, "na wewe umekaa hapa unapanga viatu? Nani amekwambia viatu vina shida? Toka. Nenda katafute mtu."

Akaenda, na suti ile ile. Alimkuta Bibi Eom mji wa bandari, kwa binti yake, miguu imevimba, dawa imekwisha, anangoja kufa kwa adabu kwa sababu hospitali ilimwambia hana jina. Jambo la kwanza alilomwambia Gi-cheol ni kwamba mtu mstaarabu haji kwa mgonjwa mikono mitupu. Akaletwa, akalazwa, akaishi miaka mingine, na katika miaka hiyo hakuacha kusema supu yangu ina chumvi. Barua ya kuacha kazi Gi-cheol aliichana. Aliniambia, "Bibi, nikiondoka, seva ikihamishwa tena, nani atajua?" Nikamwambia, basi kaa, na usije ukatutaka tukuonee huruma.

Tangu hapo hifadhidata imehamishwa tena, toleo kwa toleo, na Gi-cheol alikuwa na utaratibu wake. Alihesabu watu kabla na alihesabu baada. Mtu yeyote akikataliwa na mtambo, kwa tarehe au kwa lolote, neno "imekamilika" halikuandikwa mpaka mfanyakazi asimame mlangoni kwa mtu huyo amwone kwa macho. Akiwa amekufa, aone kaburi. Vijana walimcheka: Bwana Nam anahamisha hifadhidata kwa miguu. Wakurugenzi waliofuata walilalamika anachelewesha. Walalamike. Hatujampoteza mtu tena kwa njia ile. Tuliowapoteza wamekufa kwa vumbi, na ni wengi, kila mwaka wodi zinapungua, na kabla seva haijazeeka tena huenda isiwe na mtu hai wa kuhamisha.

Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya mzee Pyo, Gi-cheol hupanda Witgol na mapeasi. Mama Chun-ok huyapokea, hufunga mlango. Hajawahi kumwingiza ndani na hajawahi kumwambia amesamehe. Asidhani mtu kwamba leo nitasema amesamehe.

Mwezi huu mama huyo alinipigia simu jikoni. "Nasikia yule anaondoka. Nani atakuwa anatafuta watu?" Nikampelekea Gi-cheol maneno hayo. Jumapili alimchukua Ha Yun-seo, anayeshika nafasi yake, wakapanda wote. Yun-seo ndiye aliyenisimulia, na msichana huyu hana tabia ya kuongeza chumvi.

Mama Chun-ok alifungua kidogo, akamtazama binti juu mpaka chini.

"Huyu aingie. Wewe ngoja hapo."

Akamkalisha, akamlisha, akamuuliza: mtambo ukisema mtu hayupo, utafanya nini? Yun-seo akajibu, nitakuja kuangalia. Mama akamuuliza tena, na theluji je? Akajibu, na theluji. Akamuuliza mpaka akaridhika. Nje theluji inamwangukia Gi-cheol kichwani, hakusogea hata chini ya paa.

Kisha mama yule akachota bakuli la maji ya moto ya ukoko wa wali, tunayonywa kumalizia mlo, akafungua mlango kiasi cha mkono kupita, akalitoa nje. Gi-cheol akalipokea kwa mikono miwili, akanywa amesimama. Mkono ukabaki pale mlangoni, unangoja bakuli lirudi.

Bwana Nam, hospitali inakushukuru kwa kazi yako yote, ile nzuri na ile uliyoibeba. Nenda salama, uzeeke polepole, familia yako ikushibe. Na mwakani ukipanda kule juu, vaa kofia, mtu mzima.

Tak Bun-rye, Jikoni