Nusu ya Kidonge Cheupe

Benchi la Wegesa, muuza kahawa, lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, pale Bomani, Tarime, ubavuni mwa duka la fundi cherehani. Mwaka ule wa 1959, kila Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka, wanaume wanne walikaa hapo kunywa kahawa. Stanslaus Heche alikuwa mkulima wa wimbi. Marwa Mokami, mfugaji wa Nyanungu, alikuwa wa saro moja naye: walitahiriwa asubuhi moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula kitu mwenzake asipate nusu. Benedicto Waitara aliitwa Karani kwa kuwa aliwahi kubandika stempu ofisini miezi mitatu. Simioni Nyangwine aliitwa Bwana Mifugo. Aliwahi kusaidia kuogesha ng'ombe joshoni, msimu mmoja. Heche na Marwa walikuwa na presha. Kila Alhamisi, kabla ya kahawa, zahanati ya misheni iliwapima na kumpa kila mmoja vidonge vya wiki vya aina mbili, na daktari alikuwa akilinganisha jozi ya huyu na jozi ya yule, aone ipi inashusha zaidi.

— Jozi ya Heche ndiyo jozi, alisema Karani. Cheupe kinatuliza moyo, cha njano kinapanua mishipa. Msafara umepunguzwa, barabara imepanuliwa. Unataka nini tena?

— Marwa naye ana cha njano, alisema Simioni. Juu yake ana kile bapa cha kukojoza. Wewe umeshaona ng'ombe aliyevimba? Humbembelezi moyo. Unamtoa maji.

— Marwa si ng'ombe.

— Nakojoa kama ng'ombe, alisema Marwa. Jana nimeamka mara tano. Mbwa wamechoka kunibwekea.

Heche aliyasikia hayo kama mtu anayesikia watu wa ng'ambo ya mto. Macho yalikuwa mazito. Katika ukungu, nyuma ya duka, aliona zizi lake la zamani, na Nyangi anapita na kibuyu cha maziwa, mgongo umemwelekea. Nyangi, mke wake, alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

Ni kidonge cheupe kilichomleta. Siku ya kwanza, kabla Marwa hajajua kuwa naye amepewa dawa, Heche alimeza kizima. Nyangi alifika hadi mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza kama wimbi limeota vizuri. Tangu Heche alipoanza kumeza nusu, Nyangi aliishia zizini na wala hakugeuka.

Daktari alikuwa amemwambia wazi. Alipoanguka shambani wakati wa mavuno, mdomo wake ulikwenda upande kwa siku mbili. Akianguka tena huenda asiinuke. Alimwambia pia: cheupe kikikuletea ndoto nyingi, sema, nitakiondoa nikupe kingine. Heche hakusema.

— Mimi ningemfunga Marwa kamba shingoni, Simioni aliendelea, nikapiga mshale mdogo kwenye mshipa. Kibuyu kimoja cha damu, presha kwisha. Ng'ombe wa baba yangu walitolewa damu kila kiangazi, na sijasikia hata mmoja ana presha.

— Uliwapima?

— Wewe ulimpima nani?

— Mimi nasoma, Bwana Mifugo. Presha inatoka juu. Tangu ndege zianze kutua Musoma, hewa imesukumwa chini. Watu warefu ndio wanaoipata kwanza. Mtazame Heche.

— Na Marwa? Huyu mfupi?

— Marwa hukaa milimani. Amejipeleka mwenyewe.

Wegesa alicheka hadi akaweka birika chini. Simioni hakucheka.

— Sikilizeni. Vidonge viwili ni maksai wawili. Ukiwafunga nira moja bila kujuana, mmoja anavuta kwenda mtoni, mwenzake anavuta kwenda nyumbani. Lazima vilale mfuko mmoja kwanza, vizoeane.

— Vyetu vinajuana, alisema Marwa.

Akatoa wembe mfukoni. Heche naye akatoa bahasha yake. Vidonge vikapangwa juu ya ubao, penye mistari ya wembe ya wiki zilizopita, Marwa akaanza kukata, polepole, jicho moja limefumbwa. Cheupe nusu huku, nusu kule. Bapa nusu huku, nusu kule. Cha njano walikuwa nacho wote wawili, lakini alikikata hicho pia.

— Shikamooni wazee.

Alikuwa Nesi Esta Machage wa zahanati, daftari kwapani, anahema.

— Marahaba, mwanangu. Kunywa kahawa.

— Daktari amenituma. Namba zenu zinapanda pamoja na kushuka pamoja kama mapacha, hazieleweki. Aliutazama ubao. Mnafanya nini?

— Tunagawana, alisema Marwa.

— Mnagawana dawa?

— Huyu ni saro yangu. Nile mimi, yeye atazame?

— Tangu lini?

— Tangu wiki ya kwanza.

— Wiki sita! Basi daktari amekuwa akilinganisha nini?

Nesi alifungua daftari.

— Kuanzia leo kila mtu na bahasha yake, alisema Nesi Esta. Halafu, Mzee Heche, leo ulisinzia ukipimwa, ukataja jina la mtu. Unaota?

Heche aligeuza macho. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na zizi halikuwepo tena nyuma ya duka.

— Mimi ndiye ninayeota, alisema Marwa.

— Wewe hukupewa cheupe, mzee.

— Nimekimeza nusu nusu wiki sita. Andika hivyo. Sitakimeza tena. Huyu kusinzia ni kawaida yake, hata siku ya kutahiriwa alisinzia.

Watu walicheka. Nesi Esta aliandika, lakini macho yake yalibaki kwa Heche.

— Cheupe huweza kuleta huzuni. Ukijisikia huzuni usiyoielewa, njoo siku hiyohiyo. Usingoje Alhamisi.

— Nitakuja.

Nesi alipoondoka, Marwa alizisukuma nusu zote nyeupe upande wa Heche, moja moja, kwa kidole: kizima tena, kama siku ile Nyangi alipofika mlangoni. Nusu za bapa alizirudisha mfukoni mwake. Tangu asubuhi ile waliyotahiriwa, hawakuwahi kugawana hivyo.

— Marwa, alisema Heche. Wewe ulikuwa ukiota nini?

Marwa aliangalia njia ya Nyanungu.

— Kahawa imebaki kikombe kimoja, alisema Wegesa.

Marwa alikipokea. Akamimina nusu katika kikombe cha Heche, kama siku zote, akasita, kisha akamimina yote.