Firigisi ya Baba Mkwe

Kwenye treni ya jioni ya kwenda Embakasi, karani mmoja ambaye kitambulisho chake cha kazi kilisema Mwangangi alikuwa amepakata kikapu chenye kuku hai. Mama aliyeketi mbele yake, kando yangu, akamuuliza anampeleka wapi.

"Kwa baba mkwe, huko huko Embakasi. Naenda kuomba msamaha."

Jumapili, alieleza, mzee alipowatembelea, alimchinjia jogoo aliyemfuga mwenyewe kwa miezi minane juu ya paa la ploti yao ya kupanga, Tassia. Hakuwa amewahi kuchinja hata kware. Baba mkwe alikula paja, akangoja firigisi, ambayo kwa desturi ni yake, akangoja tena, kisha akaomba maji ya kunawa, akaondoka. "Nilikuwa nimeitupa pamoja na matumbo."

"Na ukamwambia nini?"

"Kwamba huyo kuku hakuwa na firigisi."

Mama alifumba macho. Mimi nilitazama dirishani, maana hata adabu ina kikomo.

"Nilipoipasua ilikuwa imejaa mchanga, mama," Mwangangi akajitetea. "Za supamaketi huwa safi. Wewe ungempa mzee kitu kama hicho?"

"Huoshwa, kijana. Miezi minane ulimwona huyo jogoo akidonoa mchanga. Ulidhani anajenga ploti?"

Mwangangi akakishika kikapu vizuri. "Huyu nitamchinja mbele ya mzee, ajionee kwamba nimejifunza."

"Umejifunza wapi?"

"Kwa simu."

Treni ikasimama Makadara. Kuku, aliyekuwa kimya safari nzima, akatoa kichwa kikapuni akamtazama yule mama kama mshtakiwa anayetafuta wakili.