Ekari Sita za Kiminini

Sikilizeni, Lorraine na Eddie. Njoo huku karibu, Eddie, acha dirisha, maana pumzi niliyo nayo asubuhi hii haitoshi kusema jambo mara mbili.

Fleti hii ya Thamesmead ni yenu wawili, karatasi ziko kwa wakili, na juu yake sina neno. Ninalotaka mlisikie kwa mdomo wangu ni habari ya ekari sita za nyumbani Kiminini, kwa sababu najua, Eddie, umekwisha kuongea na mtu wa miwa anayetaka kuzikodi. Sikulaumu. Hujui udongo ule umepitia nini.

Nilifika nchi hii nikiwa mwalimu wa kemia, nikapata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya chuo kimoja hapa London. Miaka minne niliosha tu, mpaka siku Daktari Parminder aliponikuta nimeinamia darubini yake. Hakunifukuza. Alivuta kiti akaniuliza, "Unaona nini?" Akaanza kunifundisha, na nilipostaafu mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha wanafunzi wake namna ya kukuza bakteria wa mizizi ya maharagwe bila kuwachafua. Mimi, mwosha chupa. Najivunia hilo, na ninyi jivunieni.

Nyumbani wakati huo mahindi yalikuwa yanadhoofika. Baba yenu mkubwa Allan alikuwa amepanda mahindi juu ya mahindi miaka ishirini, akitia mbolea ileile ya dukani, hadi udongo ukajaa asidi na ekari ikawa inatoa gunia saba. Likizo moja nikampelekea pakiti za bakteria. Nikamweleza kwamba wanakaa kwenye mizizi ya maharagwe, wanavuta naitrojeni ya hewani na kuyalisha, na mahindi yatakayofuata yatakuta chakula ardhini. Akanijibu mbele ya wazee, "Umetoka London kutuletea viini vya ugonjwa?" Kisha akaziacha pakiti juu ya bati wiki nzima, juani. Maharagwe yalitoka manjano, akanicheka hadi kanisani, na miaka saba hatukusemezana, mimi na ndugu yangu wa tumbo moja.

Leo nakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Hata kama angeziweka kivulini, wale bakteria wasingeishi katika asidi ile. Ilipasa nianze na chokaa. Nililijua hilo nilipofika huku nikatulia, na bado nikamwachia lawama yote peke yake.

Aliyetupatanisha ni mkewe, mama yenu mkubwa Gladness. Alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji kule Croydon, akasema, "Shemeji, nieleze tena ile habari ya vijidudu, polepole, ninaandika." Safari hii nilieleza vizuri. Aliomba robo ekari nyuma ya zizi, akatia chokaa mwezi wa Januari, akaongeza samadi iliyooza, na mvua iliponyesha akachanganya mbegu na bakteria kivulini, akazipanda siku hiyohiyo. Wiki ya sita Allan mwenyewe aling'oa mche, akapasua vinundu vya mizizi, akanipigia. "Zephaniah, ndani ni vyekundu kama nyama." Nikamwambia, ndiyo, wanafanya kazi. Kisha akasema, "Njoo nyumbani tule."

Mwaka uliofuata robo ile ilitoa mahindi karibu sawa na ekari nzima ya zamani. Tangu hapo Gladness hajarudia mahindi juu ya mahindi, na wakulima wa tarafa nzima huenda kwake kujifunza. Nimefanya kazi na maprofesa, na kati yao wote yeye ndiye ninayejivunia zaidi.

Lorraine, nisogezee maji... Asante, mama.

Sasa Allan hayupo, hawakujaliwa watoto, na hati ina jina langu pekee. Gladness anaishi akingoja siku ya kuambiwa ahame, wala hajawahi kuniuliza. Kwa hiyo ekari zote sita ziandikwe jina lake. Hizo si sadaka. Udongo ule ameutengeneza yeye.

Umesema nini, Eddie? Hapana, usiniambie "fine, Dad." Sema kwa Kiswahili, dada yako awe shahidi.

Haya. "Nimekubali, Baba." Nimesikia.

Mimi nizikeni hapa. Najua watu wa kwetu watanung'unika, lakini msinisafirishe... Lorraine, Mungu akuzidishie nguvu kwa wagonjwa wako. Eddie, akupe kazi utakayoipenda kama nilivyoipenda yangu. Mpendane. Mkikosana, usipite mwaka... usipite hata mwezi.

Eddie, mpigie mama yako mkubwa. Sasa hivi, wakati sauti ipo. Nishikie sikioni...

Inaita?

Shemeji. Ni mimi. Keti kwanza.