Kipande Kilichovunjikia Ndani ya L

Kaeni, wanangu, na huo mto msinipangie tena, maana mto hauna kosa. Tangu asubuhi nimegeuka huku nimegeuka kule na sipati ubavu wa kulalia, na wala si kwa sababu ya ini hili ambalo daktari amelipiga picha mara nne kama bibi harusi. Kinachoninyima utulivu ni lile sanduku la mbao barazani. Elimo, mwanangu wa kwanza, nilikusikia jana ukiligongelea misumari, na wewe Dalassa nilikusikia ukimwambia kaka yako, "Baba hajafa bado, wewe umeshaanza kuuza meno yake." Nilicheka, na kicheko kikanitonesha. Sasa niacheni niseme mpaka mwisho bila kunikatiza, pumzi yenyewe ni ya kukopa, na mlango uacheni wazi. Mnajua kwa nini. Huyo aliyekalia sanduku, aliyekataa kuvuka kizingiti akasema amekuja kupunga upepo tu, ni mjomba wenu Tauki, kaka wa marehemu mama yenu Anau, na ingawa nawausia ninyi, sehemu kubwa ya maneno haya ni yake. Kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nawagombeza.

Nyumba ni ya wote wawili, na atakayeoa au kuolewa asimfukuze mwenzake kwa visa vya jikoni. Boti ya alumini ni ya Elimo, ila injini niliwaahidi watu wa kanisa, wapeni, hata kama mchungaji ataiendesha kama anavyohubiri, bila kujua pa kusimama. Karakana ya chini, mashine ya kuchongea majina na kabati la herufi za shaba tunazozifuatisha, mtavitumia pamoja. Lakini mashine ya kunolea ncha za kuchongea, hiyo iliyofungwa sandukuni, ambayo Elimo ameshaitafutia mnunuzi Cairns, huko bara, na kesho meli ya mizigo inaipakia, hiyo haikuwa ya Elimo kuuza. Ni ya Dalassa. Usinikunjie uso, Elimo, subiri.

Najua hoja yako, umenisomea mara tatu kama tangazo la redio. "Baba, ncha tunazituma Jumatatu kwa ndege, Ijumaa zimerudi, zimenolewa na kompyuta, kila moja sawasawa na mwenzake. Nani siku hizi anapoteza asubuhi nzima ameinamia gurudumu la almasi, anajiua macho kwa kijiti cha chuma kisichozidi kidole?" Si hoja ya kijinga. Ndivyo wanavyofanya mafundi wengi wa bara, na hawafi njaa. Nikamuuliza dada yako naye anaonaje, na mnamjua ulimi wake. "Mimi nina digrii, baba. Nimeomba kazi arobaini na saba, arobaini na sita nimejibiwa na kompyuta, ya arobaini na saba haikunijibu kabisa. Hii mashine yako ya kunolea angalau mtu akikosea inamwonyesha amekosea wapi." Miaka mitatu anajaza fomu za watu wanaomwita kwenye usaili ili wamwulize kama yuko tayari kujitolea bure. Hasira yake naielewa. Ila leo sitaki kusema juu ya serikali, nikianza hapo nitakufa katikati ya sentensi. Nataka kusema juu ya fomu moja niliyoijaza mimi.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Elimo ukiwa shuleni bara na Dalassa ukiwa bado unapoteza viatu, lilikuwa linaandaliwa jiwe la kaburi la bibi yenu Maleta, mama yao Anau na Tauki, ambaye alikuwa amelala kaburini mwaka wa pili. Kwetu kazi ya kaburi haishikwi na watoto wa marehemu, inashikwa na wakwe na mashemeji. Kwa hiyo lile jiwe lilikuwa langu mimi, mkwe wake, kuanzia saruji mpaka bamba la shaba lenye jina, na Tauki kazi yake ilikuwa kulia tu na kulisha wageni. Na mwaka huo mimi nilikuwa bwana mkubwa. Nilikuwa nimepata kazi ya vibao vya milango vya ofisi zote za hapa Kisiwa cha Alhamisi, vibao vya plastiki, mamia, choo cha wanaume, choo cha wanawake, usiingie bila kubisha. Nikajiona meneja. Mashine ya kunolea nikaifunika gunia, nikawa natuma ncha zangu Cairns, na nikawaambia watu hapa barazani kwamba kunoa ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi.

Basi kabla ya siku ya kulifungua jiwe, kulivua kitambaa mbele ya ukoo, nikatuma ncha kumi na mbili. Sita zilikuwa za plastiki na sita za shaba, zote ndani ya kifurushi kimoja. Fomu ikaniuliza zinakata kitu gani. Nikaandika plastiki, kwa sababu mwaka mzima mkono wangu ulikuwa hauandiki neno jingine. Na yule mnoaji, simjui hata kwa sura, alifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kuziona. Zilirudi zinang'aa, ncha nyembamba kama ulimi wa nyoka, mgongo wa kila moja umeliwa mpaka hakuna nyama ya kuushikilia. Kwa plastiki ni sawa. Kwa shaba ni kumpandisha mtoto mchanga ngazi.

Zilibaki siku tatu. Wageni kutoka visiwa vya mashariki wameshashuka, kasa wameshachinjwa, kitambaa cha kulifunika jiwe kimeshashonwa. Nikawasha mashine. M ikatoka, A ikatoka, nzuri, za kina, nikapiga mluzi. Nikaingia L, nikashuka na mguu wake, na pale mstari unapogeuka kwenda kulia nikasikia *tik*, kama mtu anayevunja tambi. Nikabadilisha ncha. *Tik*. Kufika jioni zote sita zilikuwa zimevunjika, na kipande cha ile ya kwanza kimenasa ndani ya L nisiweze kukitoa.

Mtaniuliza, si ungefunua gunia ukanoa? Nilifunua. Chumvi ya bahari ilikuwa imelikamata gurudumu, halizunguki hata kwa nyundo, na kulikwamua baadaye kulinichukua mwezi mzima. Mashine iliyonilisha miaka ishirini, nilikuwa nimeiachia mwaka mmoja tu. Basi nikachukua ncha butu iliyokuwa inalala kwenye kopo la misumari, nikamalizia nayo. Haikukata, ilisukuma tu. E, T na A zilikuwa mikwaruzo, kama paka kapita. Nikazijaza rangi nyeusi, nene, mpaka zikaonekana zina kina sawa na zile za kwanza, na rangi hiyo alikuwa ameniletea Tauki, kopo moja kutoka karakana ya boti alikokuwa akifanya kazi, kwa mapenzi tu, kwa sababu nililalamika kwamba yangu imekauka. Jiwe hakuligusa. Alileta kopo akaliweka mlangoni, akarudi zake kwa wageni.

Siku ya kufungua kitambaa kikavutwa, watu wakalia, wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Mama yenu alinishika mkono mbele ya ukoo mzima akasema, "Umemrudisha mama yangu." Nilisimama pale nimevaa shati jeupe, najua.

Rangi ilikaa mwaka mmoja na miezi. Mnajua wanawake wetu wanavyosafisha makaburi, mchanga na ndimu, wanasugua mpaka shaba iombe msamaha. Mama yenu akarudi siku moja ameshika kitambaa cha kusugulia, akasema jina limefutika. Limebaki M, A na L, mengine hakuna. Akaniuliza imekuwaje. Na mimi, wanangu, sikusema uongo mrefu. Nilisema maneno machache tu, "Muulize kaka yako ile rangi yake ni ya boti au ya kuchezea watoto."

Hayo tu. Yaliyobaki waliyaongeza wengine. Kesho yake ikawa Tauki alileta rangi mbovu. Wiki ya pili ikawa Tauki, mtoto wa marehemu, alitia mkono kwenye kazi ya kaburi la mama yake isiyomhusu, ndiyo maana jina limekataa kukaa. Hilo kwetu hapa haliombewi radhi, linamganda mtu kama gundi. Wakaacha kumwita kwenye kazi za misiba. Mama yenu akaacha kula kwake. Mara moja tu Tauki alikuja, akasimama hapo hapo barazani, akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa na mashine. Sema neno moja." Nikamwambia nina kazi nyingi, aje siku nyingine. Hakuja tena, na mama yenu akafa, mwaka wa nne sasa, hajatia mdomoni chakula cha kaka yake. Jiwe lake liko pale limefungwa kitambaa, kitambaa chenyewe kimepauka kwa jua, na ninyi mnaniuliza kila Krismasi kwa nini halifunguliwi. Halifunguliwi kwa sababu nusu ya ukoo haisemi na nusu nyingine, na aliyewafanya wasisemeshane ni mimi.

Tauki, unasikia? Sikuombi uingie. Nenda tu makaburini siku yoyote, pitisha ukucha ndani ya ile L kutoka juu kushuka. Pale inapogeuka, ukucha utakwama. Hicho ni kipande cha ncha yangu. Miaka kumi na tisa ushahidi wako uko pale na mimi peke yangu ndiye niliyejua pa kuugusa.

Nigeuzeni. Upande wa mlango. Hivyo.

Sasa msikie ninayowausia, na msinisingizie mengine. Sisemi kunoa nyumbani ni utakatifu na kutuma ni dhambi. Mnoaji wa Cairns hakunikosea. Alinoa kwa ajili ya kazi niliyomwandikia, na kaburi hakuliona. Ncha za vibao vya milango, Elimo, zitume Cairns, zitume hata mwezini, na ujaze fomu vizuri. Ncha za majina ya watu zinolewe hapa, na yuleyule atakayekwenda kulikata jina, yuleyule atakayeulizwa jina likifutika. Hilo tu ndilo ninalotaka. Asiwepo mtu katikati wa kutupiwa lawama.

Dalassa, shika hili, nilikwambia ukiwa na homa ya mitihani hukusikia. Ondoa nusu ya unene wa kijiti, uishie katikati kabisa, ukizidi unywele mmoja umekwisha. Kisha zungusha taratibu upate mteremko. Mgongo uuondoe kidogo kuliko unavyotamani, kwa shaba daima kidogo kuliko unavyotamani. Mwisho ncha yenyewe iguse gurudumu kama unavyogusa chai kujua imepoa. Jaribu kwenye shaba chakavu. Chenga zikitoka kama unga, rudi ukanoe. Zikitoka kama mchele uliovunjika, nenda kwa Maleta.

Nenda kwa Maleta kwanza, wewe ni mjukuu wake, si mtoto, kazi ya kaburi lake haikukatazi. Kile kipande kitoe kwa sindano, ukikipitia juu kitakuvunjia ncha mpya. Kikitoka kiweke kwenye karatasi umpe mjomba wako mkononi. Sina kingine cha kumwachia. Akitaka akionyeshe watu kanisani, akitaka akitupe chooni, ni chake. Halafu kata herufi zote sita upya, kina kimoja, bila rangi. Siku hiyohiyo fungueni jiwe la mama yenu, na kabla ya kuvuta kitambaa Elimo usimame mbele ya watu useme haya niliyoyasema, yote, na ile ya meneja pia.

Na mimi... ngojeni. Na mimi mjue si ninyi mtakaonifukia. Ninyi watoto, kazi yenu kulia. Kazi ni ya mkwe au shemeji, na niliyebakiwa naye ni mmoja, amekalia sanduku. Naomba yeye anioshe, yeye anichimbie. Akikataa, Elimo, usimfuate, usimtumie wazee, usiseme hata kwa jirani kwamba alikataa. Nitazikwa na yeyote. Lakini naomba.

Nyamazeni kidogo.

Huo ni ubao. Nasikia ubao unalia. Elimo, si wewe, wewe uko miguuni pangu. Dalassa, mkono wako huu hapa. Basi nani... Mmesikia anavyosema? "Misumari ya kuezekea bati, Elimo, kwenye sanduku la mashine. Nani alikufundisha ufundi, kuku?" Mjibu kwa adabu. Mwambie, ndiyo, mjomba. Mpelekee koleo la kung'olea misumari, liko nyuma ya mlango. Nenda, mwanangu. Nenda ukamsaidie.

Dalassa, baki. Sogea, sauti inakimbia. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape kazi yenye jina lenu, na siku ikiharibika... mseme ni mimi. Wajukuu wangu waje wale chakula kwenye nyumba zote za kisiwa hiki, asikae mtu na njaa kwa sababu ya neno langu. Mama yako akiniuliza, nitamwambia mwenyewe. Nitaanza na hilo.

Mwambie mjomba wako... *eso*. Asante ya kwetu, kwa lile kopo la rangi. Miaka kumi na tisa sijamwambia.

Mwambie alizungushe lile gurudumu kwa mkono. Nisikie kama chumvi haija...

Linazunguka.

Mlango... uacheni wazi.