Jina la Babu Yake

Tulikuwa tukivuka bwawa la Kiambere kwa boti, tukija upande wa Embu. Mbele yangu aliketi mama mmoja na mwanawe, kijana mkubwa aliyekuwa akiyatazama maji tu.

Mzee mmoja aliyeshika kamba ya beberu wake akauliza, "Huyu ni mgonjwa?"

"Tangu mavuno ni kulala tu. Hali chakula, haongei. Nampeleka hospitali Embu."

"Anaitwa nani?"

"Kathuri, jina la babu yake."

Mzee akajipiga paja. "Basi babu anataka pombe yake! Daktari atajua kiu ya mtu aliyekufa?"

"Tulimmwagia, mzee. Pombe ya asali, mtungi mzima. Tumewaacha nyuki maskini na mtoto hajainuka."

"Labda mlimwaga kidogo."

"Ungekuwa wewe huyo babu, ungekuwa umelewa mpaka leo."

Watu walicheka. Mimi huona haya mbele ya watu, kwa hivyo nilichekea ndani ya leso. Kathuri hakugeuka.

Mama akashusha sauti. "Mzee, naogopa anavyoyatazama haya maji. Nimemshika shati tangu tupande."

Kicheko kikaisha. Mzee aliiachilia kamba ya beberu, akasogea, akalikamata shati upande wa pili.

"Lakini pombe mtarudia," akasema.

"Kwanza daktari," mama akajibu.

Boti ilipogusa nchi kavu walikuwa bado wanabishana, na hakuna aliyeachilia shati. Kamba ya beberu nilikuwa nimeishika mimi.