Bwana Pasi Akabidhi Ufunguo wa Lori Lake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu tuliyezoea kumwita Bwana Pasi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kubeba makontena kutoka bandarini. Jina hilo alilipata kwa mashati yake. Sisi wengine tulishuka garini tumekunjamana kuanzia kola mpaka suruali. Yeye alishuka amenyooka, na shati jingine limetundikwa nyuma ya kiti.

Alianza kama dereva wa kuajiriwa. Tajiri wake alipochoshwa na lori bovu, yeye alilinunua, akalifufua kwa mikono yake, akawa bosi na kibarua wa gari hilohilo. Mkewe, ambaye sote tulimwita Shemeji, alilitania lori lile kuwa mke mwenzake, tena mke mkubwa, maana ndilo lililolala na mumewe siku nyingi zaidi.

Akiwa mwenyekiti wa chama chetu cha madereva kwa miaka sita, alipigania choo na bomba la maji kwenye barabara ya foleni ya geti la bandari. Vyote vipo mpaka leo, na mlango wa choo bado una kitasa.

Lakini kazi yenyewe imemtupa mkono. Siku hizi nafasi za kupakia zinagawiwa kwa simu, na kampuni zenye magari mia zinazikomba kabla sisi wa gari mojamoja hatujanawa uso. Tunaachiwa masalio: safari fupi, kurudi na tela tupu. Mwaka jana alikaa foleni siku nyingi kuliko alizoendesha. Wiki iliyopita aliliuza lori.

Kuna jambo ambalo halisemwi kwenye sherehe. Nimepewa ukurasa huu wa jarida letu kwa kuwa mimi ni katibu wa chama, kwa hiyo nitalisema.

Miaka tisa iliyopita alikuwa wa saba kwenye foleni, mimi wa nane. Njia ile ina ukuta kushoto na kulia; ukishaingia hutoki mpaka wa mbele waondoke. Asubuhi akapigiwa simu kwamba Shemeji amezidiwa, yuko hospitali. Sheria ya geti wakati ule ilikuwa gari lisogezwe na dereva wake tu. Ukikutwa unasogeza la mwenzako, wote wawili mnarudishwa mwisho. Mnajua kwamba alibaki, mzani wa kupimia malori getini ukaharibika, foleni ikasimama, akatoka kesho yake, akakuta Shemeji ameshafariki. Mnajua pia anavyojibu akiulizwa: “Niliona foleni inakwenda, nikaamua kungoja.” Binti yao wa pekee alilisikia jibu hilo siku ya mazishi, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani kwa baba yake.

Jibu hilo si kweli. Alikuja dirishani kwangu, ufunguo mkononi, akasema, “Mdogo wangu, nisogezee gari, mama watoto hali yake mbaya.” Nikamjibu, “Kaka, wakiniona nimekwisha. Vumilia, saa sita tutakuwa tumetoka.” Nilikuwa nimekaa wiki tatu bila mzigo, nikaogopa. Akarudi garini kwake na ufunguo wake.

Baada ya msiba hakunitaja kwa mtu yeyote. Alikwenda ofisi ya geti kila Jumatatu kwa miezi saba, mpaka sheria ikabadilishwa: mwenye dharura humwachia ufunguo aliye nyuma yake, na nafasi yake haipotei. Wengi wenu mmewahi kufika hospitali kwa sababu ya sheria hiyo. Hata mimi niliwahi kumshika mama yangu mkono siku yake ya mwisho, na aliyenisogezea gari alikuwa yeye.

Kaka, asante kwa utumishi wako, na asante kwa kunisitiri ingawa sikustahili. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa kitandani, na nyumba yenye watu.

Nawe binti yake, unayeniita baba mdogo: umekubali kuja kwenye sherehe ya kumuaga Ijumaa kwa sharti kwamba tukupangie meza ya nyuma, nasi tumekupangia. Baba yako hakuchagua mzigo. Aliomba kwenda kwa mama yako, mimi nikamkatalia. Kiti kilicho kando yake kimeandikwa katibu. Kaa wewe hapo.