Kiti cha Mzee Sura

Kwa taadhima inayostahili, wafanyakazi wote wa duka hili mnatangaziwa kwamba Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, kiti cha kuzunguka kilichoko ofisi ya ghorofani kitabaki wazi. Ni kiti cheusi, chenye mikono miwili na mgongo mrefu, na kimekaliwa na meneja wetu kwa miaka kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja aliyotumikia hapa. Tunaomba utulivu.

Mstaafu wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Sura, alianza kazi kwenye kupanga rafu. Jina alijipatia mwenyewe kwa kurudia kila asubuhi kwamba duka ni sura. Wenzake walipokuwa wakibeba katoni kutoka stoo, yeye aligundua kuwa katoni si lazima. Ukiyavuta makopo mbele, mstari mmoja tu, yakatazama mlango, rafu inaonekana imejaa. Nyuma hakuna kitu, lakini nani anaangalia nyuma? Mgongo wake ulisalimika, na hadi leo umenyooka kuliko wa mtu yeyote wa rika lake humu.

Siku mkurugenzi alipokuja kukagua, alichukua kopo moja la maharage, na kwenye pengo lile akakutana uso kwa uso na mwanamke wa upande wa pili aliyekuwa akipima vitunguu.

“Karibu, mzee,” akasema yule mwanamke. “Huku nako tunauza.”

Tulijua kazi ya Sura imekwisha. Yeye hakutetereka. Alieleza kwamba nafasi ile imeachwa kwa makusudi ili hewa ipite. Mkurugenzi akatafakari, akaandika kitu kwenye daftari lake, na mwezi uliofuata Sura akawa msimamizi wa rafu zote. Hewa imepita humu vizuri sana tangu siku hiyo.

Mwanamke wa vitunguu ni Mama Mizani, ambaye hakuna mteja asiyemjua. Ndiye aliyebuni utaratibu wetu wa nyanya: huzipanga kwa siku ya kuiva, na hakupimii kabla hajakuuliza unapika lini. “Leo au kesho kutwa, mwanangu? Sema ukweli, mimi si mkweo.” Nyanya za kutupwa zikapungua kutoka ndoo nne kwa siku hadi nusu ndoo. Kwa mafanikio hayo Mzee Sura alipewa cheti, kisha umeneja, kisha kiti. Picha yake ya siku hiyo bado iko pale mlangoni, ameshika kabichi kama mtu aliyeachiwa kichanga na mama asiyemfahamu.

Mama Mizani alipewa makofi. Alishukuru, akaomba stuli.

Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba, na daktari alikuwa ameandika barua. Meneja aliisoma akiwa amekaa. Akajibu kuwa mfanyakazi anayekaa mbele ya wateja hulifanya duka lionekane limelala. Mwaka uliofuata mama akaomba tena. “Bosi, nitakalia upande mmoja tu, wa pili utasimama,” aliahidi, na foleni nzima ikaangua kicheko isipokuwa aliyeombwa. Maombi yake kumi na manne yamo kwenye droo ya ofisi, yamepangwa vizuri, yote yakitazama mbele.

Tusimnyime haki yake. Mzee Sura anayakumbuka majina ya watoto wetu wote, ingawa huwagawia wazazi wasio wao. Na mama alipokwenda kliniki, ni yeye aliyeshuka mwenyewe kushika mizani. Ilikuwa nusu saa ya kihistoria. Mteja mmoja alitozwa viazi kwa bei ya tangawizi, akauliza, “Shemeji, hii mashine ulifundishwa au uliiota?” Meneja akarudi juu. Katika ripoti ya mwezi ziara hiyo iliitwa utafiti.

Mama Mizani amebakiza miaka miwili naye astaafu. Kwa hiyo tuliwaandikia makao makuu kuuliza kama angeweza kuimalizia kazi yake akiwa amekaa. Wamejibu kwamba hakuna stuli itakayonunuliwa, ila kiti cha ofisini kinaweza kuhamishiwa kwake, kwa kuwa meneja mpya anakuja na cha kwake. Barua hiyo tumeisoma mara nyingi kuliko cheti chochote cha mlangoni.

Mzee Sura, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kufika mbali bila kwenda stoo. Nenda salama, ukapumzike kama ulivyozoea, na magoti yako yaendelee kuwa mazima.

Jumanne, ulipokuwa kwenye kikao cha kuaga, watu wanne tulikishusha kiti kwa majaribio hadi kaunta ya mboga. Mama Mizani alijifuta mikono, akakizungusha mara moja, akakipigapiga mgongoni. “Haya, bwana mkubwa,” akakiambia, “zamu yako kunibeba.” Tukakisukuma kati ya kaunta na ukuta, kwanza kwa mbele, kisha kwa ubavu.

Kimezidi kwa vidole vitatu. Hakiingii.